Mafunzo ya Ijara: Hati Zimpasazo Mwenye Nyumba Adaipo Kodi Iliyosalia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na ijara na akaharamisha riba na dhulma. Na sala na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baadu. Na ajue kila Muislamu mwenye nyumba ya kupangisha ya kwamba kodi ni mali, na mali ya mtu ni amana aliyopewa kuitunza. Mwenye kuiacha ipotee kwa uvivu wa kuandika amejidhulumu nafsi yake na watoto wake. Na mwenye kuidai zaidi ya ilivyo, kwa kuwa hakuandika akasahau, amemdhulumu mwenziwe. Dhulma hizo mbili zina mlango mmoja, nao ni kukosa hati. Kwa hiyo somo hili linakusanya mambo yampasayo mwenye nyumba kuyaweka tayari, kwa sharia ya Kiislamu na kwa sheria ya serikali ya Tanzania, ili siku mpangaji atakaposhindwa kulipa haki ijulikane bila ya ugomvi.

SABABU YA SOMO HILI

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, na tangu reli ilipofika hapo kutoka Dar es Salaam mwaka 1907 umekuwa njia panda ya wasafiri na wafanya biashara. Watu wa pwani waliokwenda huko kwa kazi na kwa biashara wamejenga na kununua nyumba, na wengine wamerudi kwao wakaziacha mikononi mwa wapangaji. Kisha mji umepata vyuo vikuu, kama kile cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984 na kile cha Waislamu kilichofunguliwa mwaka 2005, na wanafunzi wao huhitaji vyumba. Nyumba nyingi ni za vyumba sita, na ukumbi katikati na ua nyuma. Kila chumba kina mpangaji wake, na kila mpangaji ana hesabu yake.

Basi mara nyingi hutokea hivi: mwenye nyumba anakufa, anaacha mjane na mayatima, na kodi ya vyumba vile ndiyo unga wao na ada ya chuo chao. Mpangaji mmoja husema, "Marehemu nilikwisha kumlipa." Mwingine husema, "Tulipatana nitengeneze paa badala ya kodi." Mjane hana daftari wala mkataba, na shahidi naye amehama. Huenda mpangaji amesema kweli, na huenda amesema uwongo; hapana ajuaye ila Mwenyezi Mungu. Mayatima wakilala na njaa, sababu ni karatasi isiyoandikwa.

MLANGO WA KWANZA: ASILI YA KUANDIKA

Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, imekuja kufundisha jambo hili. Maana yake kwa muhtasari ni kuwa waumini wakidaiana deni la muda maalumu waliandike. Na mwandishi aandike kwa uadilifu. Na mwenye kuandikisha awe ni yule mwenye kudaiwa, wala asipunguze kitu. Na akiwa hawezi, basi walii wake aandikishe. Na washuhudishe mashahidi. Na watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Tena imekatazwa kumdhuru mwandishi na shahidi.

Na azingatie msomaji hekima iliyomo. Mwenye kuandikisha ni mdaiwa, si mdai, kwa sababu kukiri kwa mtu juu ya nafsi yake ni hoja yenye nguvu kuliko madai ya mwenziwe. Kwa hiyo hati bora ya kodi ni ile ambayo mpangaji mwenyewe ameitia saini yake au dole gumba lake, baada ya kusomewa kwa lugha aifahamuyo.

Kisha kanuni ya hukumu katika Islamu ni kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Mwenye nyumba akidai kuwa palikuwa na upangaji na mwenziwe akakana, ni juu yake kuleta ushahidi. Na upangaji ukithibiti, kisha mpangaji akasema kuwa amekwisha kulipa, basi sasa yeye ndiye mdai wa malipo, na ni juu yake kuleta ushahidi. Akikosa, kauli ni ya mwenye nyumba pamoja na kiapo chake. Kwa hivyo hati hazimlindi mmoja peke yake. Mkataba ni ngao ya mwenye nyumba, na stakabadhi ni ngao ya mpangaji.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 nayo imekwenda njia iliyo karibu na hiyo: mwenye kutaka hukumu kwa ajili ya jambo alilodai ni juu yake kulithibitisha. Na mapatano yakiwa yameandikwa, maandishi ndiyo yatakayotazamwa kwanza, wala haipokelewi kwa wepesi kauli ya mdomo ya kuyapinga.

Watu wa milima ya Uluguru walilijua jambo hili kwa desturi yao kabla ya karatasi kuenea. Ardhi ilikuwa ya koo, na mtu wa nje aliyelima katika ardhi ya ukoo alitoa kitu kidogo kwa mkuu wa ukoo, nacho kiliitwa ngoto. Thamani yake haikuwa kubwa. Faida yake ilikuwa ni kukiri. Mwenye kutoa ngoto amekiri mbele ya watu kuwa shamba si lake, na mwenye kuipokea amekiri kuwa yule si mnyang'anyi. Walishuhudishana kwa kitendo na kwa macho ya majirani. Leo majirani wa mjini hawajuani, na chumba cha Msamvu au Kihonda huweza kubadilisha wapangaji watatu kwa mwaka. Macho ya majirani hayatoshi tena, na karatasi imeshika mahali pake.

MLANGO WA PILI: MKATABA ULIO SAHIHI

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, nayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani, ijara ya nyumba haisihi mpaka yajulikane mambo haya: nyumba yenyewe au chumba chenyewe, muda wake, na kodi yake. Mwenye kusema "nimekupangisha kila mwezi kwa kiasi fulani" pasipo kutaja mwisho wa muda, mapatano yake si sahihi kwa kauli iliyo na nguvu. Na wangapi leo wanaopangishana hivyo hivyo! Ijara ikiwa si sahihi, mpangaji aliyekaa hulazimika kulipa kodi ya mfano, yaani kodi ilipwayo kwa nyumba iliyo kama ile, wala hailazimu ile waliyotajiana. Hapo mwenye nyumba hupoteza hoja ya kodi aliyoitaja kwa kuacha kuandika tarehe mbili: ya kuanza na ya kwisha.

Hali kadhalika, mwenye nyumba na mpangaji wakikhitalifiana juu ya kiasi cha kodi, na hakuna mwenye ushahidi, wote wawili huapishwa, mapatano huvunjwa, na kodi ya mfano ndiyo hulipwa. Mstari mmoja katika mkataba ungaliwaepusha wote wawili na kiapo.

Basi mkataba uwe na haya: majina kamili ya pande mbili na mahali wakaapo; nyumba ilipo, mtaa na kata yake, na chumba ni kipi; tarehe ya kuanza na ya kwisha; kodi ya muda wote, na kiasi cha kila mwezi, na siku ya kulipa; amana iliyowekwa, kama ipo, na sharti za kuirudisha; nani atatengeneza kipi; ilani itolewe kwa muda gani; kisha saini za wote wawili na mashahidi wawili waadilifu. Ni desturi njema kuupeleka kwa Serikali ya Mtaa ukagongwa muhuri, kwani viongozi wa mtaa ndio wamjuao mpangaji na ndio watakaoulizwa kwanza.

Ama sheria ya serikali, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekubali kuwa upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja huweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi. Lakini ruhusa si uthibitisho. Kilichoruhusiwa kusemwa kwa mdomo huweza pia kukanwa kwa mdomo.

Tanbihi. Mikataba ya upangaji hulipiwa ushuru wa stempu, nao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini. Sheria ya Ushuru wa Stempu ya mwaka 1972 inazuia hati isiyolipiwa ushuru huo isipokelewe kuwa ushahidi, mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini yake. Wengi huudharau, kisha siku ya shauri hati yao hukataliwa mbele ya macho yao. Kwa kodi ya shilingi 720,000 kwa mwaka ushuru ni shilingi 7,200 tu.

MLANGO WA TATU: NANI MWENYE HAKI YA KUDAI

Hati ya pili ni ile ionyeshayo kuwa mdai ndiye mwenye haki. Mwenye nyumba ana hati yake ya kumiliki, au leseni ya makazi, au mkataba wa kununua na barua za mtaa. Hayo yapigwe nakala na kuwekwa pamoja na mkataba wa upangaji.

Akiwa mwenye nyumba amefariki, hapana mrithi mmoja awezaye kusimama peke yake na kudai kodi ya nyumba ya warithi wote, hata akiwa ndiye mkubwa wao. Inapasa ateuliwe msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kumteua katika mirathi ya Kiislamu, nayo humpa hati ya uteuzi. Kwa hati hiyo hukusanya madeni ya marehemu, hulipa madeni aliyodaiwa, kisha hugawa kwa mafungu ya faraidhi. Familia nyingi hukaa miaka pasipo kumteua, zikidhani kuwa ni kumwonea haya marehemu. Na huku kodi inapotea, na fungu la yatima linaliwa.

Akiwa mwenye nyumba yuko Tanga, Bagamoyo, Unguja au Mombasa, na nyumba iko Morogoro, na amwandikie mtu wake hati ya uwakala mbele ya wakili au kamishna wa viapo, aitaje nyumba na ayataje mambo anayompa kuyafanya: kupokea kodi, kutoa stakabadhi, kutoa ilani, na kufungua madai. Uwakala katika sharia hauvuki mpaka wa ruhusa. Aliyepewa ruhusa ya kupokea hakupewa ruhusa ya kusamehe.

Na nyumba ikiwa ni wakfu, mwenye kudai ni mwangalizi wa wakfu kwa hati ya wakfu na uteuzi wake. Huyu ni mwenye kuulizwa zaidi kuliko wote, kwa kuwa kodi ya wakfu si yake, hata aweze kuisamehe kwa huruma yake.

MLANGO WA NNE: STAKABADHI, DAFTARI NA HESABU

Kila malipo yawe na stakabadhi yenye tarehe, kiasi, miezi iliyolipiwa, na saini ya mpokeaji. Nakala moja ikae kwa mpangaji na moja kwa mwenye nyumba. Malipo yaliyopita kwa simu nayo yana kumbukumbu, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekubali maandishi ya namna hiyo kuwa ushahidi kwa masharti yake. Lakini ujumbe wa simu husema fedha zimefika. Hausemi ni za mwezi gani. Kwa hiyo na uandikwe na stakabadhi pia.

Na upigwe mfano, kama ilivyo ada ya vitabu vya fikihi, kwa Zaidi na Amri. Zaidi alimpangisha Amri chumba kwa miezi 12, tangu tarehe 1 Januari 2023 hadi tarehe 31 Desemba 2023, kwa shilingi 60,000 kila mwezi. Jumla ni shilingi 720,000. Amri aliweka amana ya shilingi 60,000, akalipa kodi ya miezi 6, nayo ni shilingi 360,000. Baadaye alilipa shilingi 100,000 kidogo kidogo. Mwezi wa Aprili mvua ya milimani ilipobomoa paa, alilitengeneza kwa ruhusa ya Zaidi kwa shilingi 40,000, wakapatana zikatwe katika kodi. Mwaka ulipokwisha Amri aliondoka.

Zaidi asiyeandika atasema, "Miezi 6 haikulipwa, nadai shilingi 360,000." Zaidi mwenye daftari atafanya hesabu hii: 360,000 kutoa 100,000 ni 260,000, kutoa 40,000 za paa ni 220,000, kutoa amana 60,000 ni 160,000. Hiyo ndiyo haki yake, na tofauti ya shilingi 200,000 ilikuwa ni mali ya Amri, ambayo Zaidi angaliila akidhani ni yake. Basi na ajue mwenye nyumba kuwa daftari halimletei mali tu, bali humzuilia moto.

Na yatazamwe mambo mengine mawili. Mosi, mpangaji aliyewajibishwa na sheria ya kodi ya mapato kuzuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka serikalini, akionyesha cheti cha kuipeleka, fedha hizo zimehesabiwa kuwa zimelipwa kwa mwenye nyumba, wala hazidaiwi mara ya pili. Pili, nyumba ikianguka kabisa katikati ya muda, ijara ya siku zilizobaki imevunjika, na kodi hudaiwa kwa siku zilizokwisha kupita tu. Lakini mpangaji aliyekabidhiwa nyumba ikiwa nzima, kisha akaifunga akasafiri, kodi iko juu yake, kwa kuwa manufaa yalikuwa mkononi mwake.

MLANGO WA TANO: MDHAMINI

Wengine humtaka mpangaji alete mdhamini. Hili ni jema, nalo lina masharti. Mdhamini ajue kiasi anachokidhamini, na deni liwe limekwisha kuthibiti. Katika madhehebu ya Shafii, kodi ya muda uliofungiwa mapatano humilikiwa kwa mapatano yenyewe, kwa hiyo kuidhamini ni sahihi. Lakini kudhamini kodi ya miaka ambayo bado haijafungiwa mkataba hakusihi kwa kauli yenye nguvu, kwa sababu ni kudhamini kisichokuwapo. Kwa hiyo kila mkataba mpya na uwe na saini mpya ya mdhamini.

Na mdhamini aliyelipa kwa kuwa alidhamini kwa idhini ya mdaiwa, ana haki ya kurudishiwa alicholipa. Na aichukue stakabadhi iliyoandikwa kuwa amelipa kwa niaba ya fulani, kodi ya miezi kadha, ya nyumba fulani, na aihifadhi pamoja na hati ya udhamini. Akikosa stakabadhi hiyo, huenda akalipa yeye na mpangaji akakana.

MLANGO WA SITA: NJIA YA KUDAI

Hatua ya kwanza ni ilani ya maandishi. Itaje mkataba na tarehe yake, miezi isiyolipwa, hesabu kama ile iliyotangulia, siku ya mwisho ya kulipa, na mahali pa kulipia. Ipelekwe mbele ya shahidi, au kwa njia ya ofisi ya mtaa, na mpokeaji atie saini; akikataa, shahidi aandike kuwa amekataa. Na mwenye kutaka kuvunja upangaji kwa kukosa kodi inampasa pia atoe ilani kwanza kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi.

Hatua ya pili ni sulhu. Mpangaji akikiri, na aandike hati ya kukiri deni: kiasi, na mafungu ya kulipa, na tarehe zake. Hati hii ina faida mbili. Katika sharia ni ikrari, na ikrari ni bora ya hoja. Na katika Sheria ya Muda wa Madai ya mwaka 1971, madai ya malimbikizo ya kodi yana muda wa miaka 6. Ukipita, mlango umefungwa. Lakini mdaiwa akikiri kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha, miaka huanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kukiri. Deni la Amri la mwezi wa Desemba 2023 litakufa mbele ya serikali baada ya miaka 6. Mbele ya Mwenyezi Mungu halifi mpaka lilipwe au lisamehewe.

Sulhu mbele ya sheikh au kadhi wa msikiti ni jambo lenye baraka. Lakini na ifahamike kuwa mahakama za kadhi za Tanganyika ziliondolewa katika mpango wa serikali mwaka 1963, na hukumu ya kadhi wa leo katika bara haina nguvu ya kukazwa na dola. Kwa hiyo sulhu iandikwe, itiwe saini na mashahidi, ili iwe mkataba uwezao kutazamwa na baraza.

Hatua ya tatu ni mabaraza. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 imepanga Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kwa marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena. Kazi yake ni kusuluhisha. Na shauri lihusulo umiliki au maslahi katika ardhi halisikilizwi na Baraza la Wilaya mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Na siku 30 zikipita pasipo suluhu, mdai huweza kuendelea mbele. Basi na atunze cheti hicho, au uthibitisho wa siku aliyopeleka malalamiko yake. Na mwenye kudai fedha za kodi tu, bila ya kutaka nyumba irudi mkononi, na aulize kwanza kwa karani au wakili kama pahali pake ni baraza au mahakama ya kawaida, ili asipoteze ada na siku.

Hatua ya nne ni maombi yenyewe. Mdai ataje majina, nyumba, hesabu na anachoomba, kisha aambatanishe nakala za hati hizi: ya umiliki, au usimamizi, au uwakala, mkataba uliolipiwa ushuru, stakabadhi na daftari, ilani na uthibitisho wa kupokewa kwake, hati ya kukiri, kama ipo, na cheti cha Baraza la Kata. Hati za asili aje nazo siku ya kusikilizwa. Wala asiogope lugha, kwani tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza. Asiyeridhika na hukumu ya Baraza la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na mwenye kushinda huomba hukumu ikazwe, nayo hukazwa na dalali aliyeamriwa na baraza.

Ama kufunga chumba kwa kufuli usiku, na kutoa vyombo vya mtu uani, na kung'oa mlango au bati, hayo si kudai haki bali ni kujihukumia. Mwenye kuyafanya hugeuka kutoka mdai akawa mdaiwa, na aibu iliyowapata wake na watoto wa mpangaji haina hesabu katika daftari lake.

MLANGO WA SABA: MIPAKA YA MUISLAMU

Jambo la kwanza ni riba. Wako waandikao katika mikataba yao kuwa kodi ikichelewa huongezwa asilimia kadha kwa kila mwezi. Kodi iliyokwisha kuwa deni ni deni, na kuongeza deni kwa sababu ya muda ni riba ya kijahiliya yenyewe, hata ikiitwa faini. Na aiondoe katika mkataba, na baraza likimpa riba juu ya hukumu asiile.

Jambo la pili ni kutofautisha kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kuchelewesha kwa tajiri ni dhulma. Huyo na adaiwe mpaka mwisho, wala si ukali. Lakini mwenye dhiki, aya ya 280 ya Sura al-Baqara imeamrisha angojewe mpaka apate wepesi, na kumwachilia ni kheri zaidi. Kungoja nako kuandikwe, ili mwenye kungoja asipoteze haki yake na mwenye dhiki asidaiwe na warithi kabla ya siku waliyopatana.

Jambo la tatu ni zaka. Aya ya 60 ya Sura at-Tawba imewataja wenye madeni kuwa miongoni mwa wanaopewa zaka. Mpangaji fakiri aliyelemewa na kodi huweza kuwa ni mmoja wao. Lakini mwenye nyumba akisema "deni langu nimelifanya kuwa zaka," haimtoshei kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu, kwa sababu hakutoa kitu. Njia iliyo sahihi ni kumkabidhi zaka mkononi, pasipo kumshurutisha airudishe. Kisha yule akilipa deni lake kwa hiari yake, zaka imekwenda mahali pake na deni limeondoka.

KHATIMA

Muhtasari wa somo hili ni hati saba: ya kumiliki au kusimamia, ya mkataba wenye muda na ushuru wake, stakabadhi pamoja na daftari, ya udhamini, akiwapo mdhamini, ya ilani, ya kukiri au ya sulhu, na cheti cha Baraza la Kata. Zote hutosha kukaa katika bahasha moja, na bahasha hiyo iwekwe mahali panapojulikana na mke na mtoto mkubwa. Wosia wa mtu huanza na kujulikana anachodai na anachodaiwa.

Mwenye nyumba akilala na bahasha hiyo imekamilika, hata akifa usiku ule, mayatima wake wataamka wakijua haki yao ni shilingi ngapi na iko kwa nani. Na mpangaji wake ataamka akijua kuwa hapana atakayemzulia hata senti moja. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake ndiyo marejeo.